Moyo, Dhambi na Kukinai: Al-Inkishafi Mbele ya Wasomaji wa Sherikat

Miongoni mwa tungo za kale zinazotajwa sana na walimu wa Kiswahili na kusomwa kidogo na wanafunzi wao, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir imo katika safu ya mbele. Mtunzi alikuwa mtu wa Pate, na wataalamu wengi wakadiria kuwa aliitunga mwanzoni mwa karne ya 19. C. H. Stigand aliichapa ndani ya kitabu chake cha lahaja mwaka 1915, pamoja na tafsiri ya W. E. Taylor, William Hichens akaitolea kitabu chake peke yake mwaka 1939, J. de V. Allen akaifasiri upya mwaka 1977. Na mwaka 1999 M. M. Mulokozi akaiweka katika *Tenzi Tatu za Kale*, toleo ambalo mwalimu wa leo huenda akalipata kwa urahisi zaidi. Katika mengi yaliyosemwa juu yake limejengeka wazo moja ambalo husikika mara kwa mara madarasani: kwamba huu ni utungo wa kuomboleza kuanguka kwa mji wa Pate. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba wazo hilo, ingawa si uongo, linaupita utungo wenyewe kando. Al-Inkishafi ni mashitaka ya mtu dhidi ya moyo wake, na Pate imeletwa pale kuwa shahidi.

Tumeisoma pamoja na watu wazima wa darasa la jioni huko Sherikat, na usomaji huo ndio uliotusukuma kuandika. Kwa wasomaji wasiopajua, Sherikat ni kitongoji cha Juba kilicho mashariki ya mto Nile, jirani na Gumbo, kandokando ya barabara iendayo Nimule na mpaka wa Uganda. Barabara hiyo ya kilomita 192 ilikamilishwa kutiwa lami mwaka 2012, na kwayo hupita malori, wachuuzi, na Kiswahili. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini lugha haikungoja mikataba: ilirudi pamoja na watu waliokulia Kakuma na katika kambi za Uganda. Wanafunzi wetu wengi ni Wakristo. Nyumbani husema Kibari, Kidinka, Kiacholi au Kimadi, na sokoni Kiarabu cha Juba. Twayataja haya kwa sababu yanabadili namna utungo huu unavyosikika. Neno "sarabi", ambalo mwanafunzi wa Dodoma au Nakuru hulitafuta katika kamusi, hapa hutambuliwa upesi na yule aliyesomea Khartoum. Naye huyo huyo hushindwa na "mato" na "nti" za lahaja ya kaskazini, ambazo mwenziwe aliyekaa na Wakenya huzikisia kuwa ni macho na nchi. Darasa zima hujikuta likisaidiana.

Tutazame kwanza jinsi utungo ulivyojengwa. Ni wa beti zaidi ya sabini, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani kumi yenye kituo baada ya ya sita. Mazoea yetu ni kuuita utenzi, ingawa mizani yake si ile minane ya tenzi nyingi. Baada ya kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, mtunzi anageuka na kuukabili moyo wake mwenyewe. Anauita, anauuliza mbona hauamki, anausihi, anaukaripia kama mzee amwonyavyo mwana aliyemchosha. Hatazami hadhira. Sisi wasomaji ni kama majirani tunaosikia maneno ya ndani kupitia ukutani. Na katika beti zote hizo, moyo haupewi zamu ya kusema. Hili ni jambo la fani ambalo wahakiki hawalitilii mkazo wa kutosha: anayesema ni mmoja, na anayeambiwa yu kimya tangu mwanzo hata mwisho.

Ni nini basi hicho kinachoambiwa? Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana, na mwalimu asipoyatenganisha mapema darasa litapotea. Nafsi ni mtu mwenyewe ajijuavyo. Roho ni pumzi na uhai, lakini pia, katika matumizi ya watu, ni koo, mahali pa kumezea; ndiyo maana tukasema "uroho" kwa ulafi. Moyo ni mahali pa kukusudia: twasema kupiga moyo konde, kutia moyo, moyo mgumu, moyo wa jiwe. Kama mshairi angaliishitaki roho, angalikuwa anashitaki tamaa ya kinywa. Yeye anaushitaki moyo, yaani kile kinachojua na hakitaki. Dhambi anayoitafuta haiko tumboni. Iko katika kukusudia, na kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa njaa.

Hapo ndipo mifano yake mashuhuri inapopata nguvu. Dunia ni bahari iliyochafuka yenye miamba. Ni mzoga unaogombewa na mbwa. Uhai ni taa iliyowashwa penye upepo, mara yaonekana, mara haiko. Lakini mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yetu, ni ule wa sarabi. Mtu ana kiu, jua la mchana linawaka, anaona maji mbali, anakimbia. Afikapo hakuna maji, kuna jua lile lile. Tuuangalie mfano huu vizuri, maana ni rahisi kuufasiri vibaya. Mshairi hailaumu kiu. Hasemi kuwa mtu huyo ni mwovu kwa kutaka maji, wala hamshauri aache kunywa. Kosa liko katika maji yasiyo maji. Kwa maneno mengine, moyo wa mwanadamu katika Al-Inkishafi una haja ya kweli, haja ambayo dunia haiwezi kuitimiza, na dhambi ya moyo ni kuendelea kukimbilia pale pale baada ya kuonyeshwa. Mwanafunzi akishaelewa hivi, ataona kwamba huu si utungo wa mtu aichukiaye dunia tu. Ni wa mtu mwenye kiu.

Kisha zinakuja nyumba za Pate, na hapa ndipo mtunzi anapokaa kwa muda mrefu, nasi hatuna budi kukaa naye. Wenyewe walitembea kwa maringo, shingo zikiyumba. Majumba yao yaliwaka taa za shaba na za kioo hata usiku ukawa kama mchana. Vyombo vya China vilipangwa katika zidaka za ukutani. Palikuwa na vitanda vya fahari na mito, watumishi wa kupepea na wa kukanda, na waimbaji. Kisha, bila maelezo marefu, wamo kaburini, kifusi kimewaelemea, wadudu wako kazini. Na nyumba? Popo wananing'inia, bundi wanakoroma, mende wanavuma kumbini, na makinda ya ndege wa mwituni yamelala katika zidaka zilimokuwa sahani. Mtunzi anauliza wako wapi, anataja mitaa na koo na watu, na miongoni mwa majina hayo limo la Ali bin Nasir, jamaa yake mwenyewe. Halii kwa sauti. Orodha inatosha.

Sherikat hatukuhitaji kueleza maana ya nyumba iliyohamwa. Darasa lilikuwa kimya mpaka mzee mmoja aliyekaa nyuma aliposema, kwa heshima lakini kwa uthabiti: "Mwalimu, nyumba ya baba yangu haikuanguka kwa sababu ya dhambi ya moyo wake. Watu waliichoma. Huyu Sayyid anataka kutuambia nini?" Twakiri kwamba swali hili ndilo zito kuliko yote tuliyowahi kuulizwa juu ya fasihi ya kale, na mwalimu anayelipuuza asiufundishe utungo huu mahali kama hapa. Tangu Desemba 2013, na tena Julai 2016, Juba imeona vita. Kuwasomea watu walionyang'anywa nyumba zao utungo unaosema "tazama magofu, ewe moyo, uogope" kwaweza kuwa ukatili usiokusudiwa, kama vile kumwambia mgonjwa kwamba homa yake ni adhabu.

Basi tukarudi kwenye beti zenyewe, na twawaomba wasomaji nao warudi. Ni wapi mtunzi anaposema kwamba Pate iliharibika kwa dhambi za watu wake? Hakuna mahali. Anasema walikuwa na maringo, na anasema walikufa. Hasemi kwamba la kwanza lilileta la pili. Twajua kutokana na historia kwamba Pate ilishindwa katika vita vya Shela kiasi cha mwaka 1812, na biashara yake ikafifia. Yeye havitaji vita hivyo hata kwa kidokezo. Haandiki sababu za kuanguka kwa mji. Kama huu ungekuwa utungo wa historia, hilo lingekuwa pengo kubwa mno. Lakini kwa kuwa ni mashitaka ya moyo, ndivyo inavyopasa: wafu hawashitakiwi. Wanaotajwa kwa majina ni mashahidi, na mshitakiwa ni mmoja, naye yu hai, amo ndani ya kifua cha mwenye kusema. Anayeuchukua utungo huu na kuwaelekezea kidole waliopoteza nyumba ameugeuza nje ndani.

Na si hayo tu. Baada ya magofu mtunzi anaupeleka moyo wake kwenye Siku ya Hukumu, na jambo la kwanza analouonyesha huko ni madhulumu, aliyedhulumiwa, akisimama mbele ya Mola kudai haki yake kwa yule aliyemdhulumu. Deni linalipwa, na kwa kuwa huko hakuna fedha, mdhalimu analipa kwa thawabu zake mwenyewe. Beti hizi hupitwa upesi na walimu kwa kuwa zimebanwa kati ya magofu yenye picha nzuri na moto wenye kutisha. Kwa darasa la Sherikat ndizo zilizokuwa kitovu. Mzee yule alitaka zisomwe mara mbili. Aliona kwamba mshairi hakumsahau mtu kama yeye, na kwamba swali lake lina mahali pake ndani ya utungo. Alichobaki nacho, kama sote tulivyobaki nacho, ni lile ambalo mshairi anauambia moyo wake: je, wewe siku hiyo utasimama upande gani?

Kulitokea jambo jingine ambalo hatukulitazamia. Mama mmoja alisema kwamba picha ya wanyama ndani ya nyumba ameiona kanisani zamani. Alikuwa akikusudia kile kijitabu cha picha za moyo kilichotungwa na Mjerumani Johannes Gossner mwaka 1812, ambacho matoleo yake yalichapwa kwa wingi Afrika Kusini katika karne ya 20 na kutafsiriwa kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Walimu wengi wamekiona: picha kumi za moyo, juu yake uso wa mtu, na ndani yake tausi wa kiburi, mbuzi wa uasherati, nguruwe wa ulafi, kobe wa uvivu, chui wa hasira, nyoka wa husuda na chura wa choyo, na Shetani katikati. Picha zikiendelea wanyama wanatoka, nuru inaingia, moyo unakuwa hekalu la Mungu. Ajabu ya kalenda ni kwamba kijitabu hiki na utungo wa Pate vyakaribiana sana kwa umri, ingawa watungaji wake hawakusikiana kamwe.

Ulinganisho wa mama huyu ni mzuri kuliko mingi tuliyoisoma vitabuni, nasi twapenda kuuendeleza. Katika kijitabu moyo ni nyumba, na wanyama wanakaa humo mwenyewe akiwamo, ndio wanaomtawala. Katika Al-Inkishafi wanyama huingia mwenyewe akiisha kutoka. Chura wa Gossner ni choyo, hana kazi nyingine. Ndege wa Pate hana maana nyingine isipokuwa kuwa ndege aliyepata mahali pa kulala. Ndiyo sababu anatuuma zaidi. Hapa tofauti ya kazi ya sanaa na chombo cha kufundishia inaonekana wazi, nasi hatuna shaka ipi iliyo kubwa. Tena kijitabu kinaufanya uchu wenyewe kuwa mnyama wa kufukuzwa, hali mshairi, kama tulivyoona, anaiacha kiu ibaki kiu. Augustino, ambaye alizaliwa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini mwaka 354, anasimulia katika *Maungamo* yake jinsi alivyoiba mapeari na vijana wenzake bila njaa yoyote, na mengi wakawatupia nguruwe. Tukiuliza ni mnyama gani kati ya wale saba aliyeiba mapeari hayo, kijitabu hakina jibu. Moyo ulikusudia kuiba, basi. Mshairi wa Pate angalielewa mara moja.

Hata hivyo haki itendeke. Kijitabu kinajua mambo mawili ambayo utungo hauyasemi. La kwanza ni kurudi nyuma: iko picha ya moyo uliokwisha kusafishwa ambamo wanyama wanarudi, na idadi yao imezidi. Yeyote aliyewahi kuapa kuacha ulevi siku ya Jumapili ataijua picha hiyo. La pili ni kwamba kinasema moyo ujazwe na nini. Mungu anakaa ndani yake, uso ulio juu unatulia. Picha yenyewe ni ya kitoto, lakini jambo linalosemwa si la kitoto.

Al-Inkishafi, kwa upande wake, inaishia motoni. Mtunzi anazitaja Jahannamu, Jahimu na nyinginezo, kila moja na mateso yake, kisha anafunga. Pepo haielezwi. Katika matoleo tunayoyajua hakuna ubeti unaoueleza moyo ukiwa umeridhika kwa Mola wake. Wenzetu fulani huona hapo kasoro. Wengine hushauri kwamba kwa wanafunzi Wakristo sehemu ya moto ikatwe, na mwalimu amalizie kwa maneno yake juu ya amani ya moyo. Ushauri huo hatuupokei. Kuikata sehemu hiyo ni kukata pia beti za madhulumu zinazoitangulia, kwa maana hukumu isiyo na matokeo si hukumu. Na kumalizia kwa hotuba ni kumpa moyo jibu ambalo mtunzi, kwa hiari yake, hakumpa.

Neno "kukinai" litatusaidia kueleza kwa nini. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981 na kamusi zilizoitangulia zinalijua kwa sura mbili: kuridhika na ulicho nacho, na kushiba hata ukachukia. Mtu hukinai kwa kuwa ametosheka, na mtu hukinai pilau kwa kuwa imemtoka puani. Tena kutokana nalo tumepata "kinaya", ambalo zamani lilikuwa na maana ya kujitosheleza kwa majivuno, na siku hizi wahakiki wamelifanya kuwa istilahi ya fasihi. Matajiri wa Pate walikuwa na kinaya ya kale hiyo: walijitosheleza. Mshairi anaufikisha moyo wake kwenye kukinai kwa pili, mpaka uchoke na taa za kioo na sahani za China, mpaka dunia iutoke puani. Kukinai kwa kwanza, kule kutulia kwa Mungu, hakukuelezi. Lakini tusisahau kwamba alianza kwa jina Lake, na kwamba jina la utungo, inkishafi, lina maana ya kufunuliwa. Ameondoa pazia moja. Mtu aliyeamshwa usingizini na kuonyeshwa kuwa maji aliyoyakimbilia ni jua bado hajanywa, ila sasa anajua kuwa ana kiu na anajua mahali pasipo na maji. Msomaji Mwislamu atajua pa kwenda kutoka hapo, na msomaji Mkristo wa Sherikat naye atajua. Kazi ya mwalimu wa fasihi ni kuwafikisha wote wawili mpaka hapo bila kuwasukuma.

Kwa walimu watakaotaka kujaribu, twashauri mambo machache ya vitendo. Usianze na historia ya Pate. Anza na ubeti ambamo moyo unaitwa, na historia uiweke baada ya magofu, kwa dakika kumi tu. Usifasiri kila neno la lahaja ubaoni kabla ya kusoma. Acha darasa lisikie mizani kwanza, maana kituo cha silabi ya sita hukamatwa na sikio upesi kuliko jicho. Beti za madhulumu zipewe kipindi kizima. Na kwa kuwa moyo haukupewa zamu ya kusema, zoezi la kuandika liko tayari: wanafunzi waandike ubeti mmoja au miwili, moyo ukijibu. Wetu walipofanya hivyo, wengi waliufanya moyo uombe msamaha, wawili waliufanya ujitetee kwa ukali, na yule mzee aliufanya uulize kama baba yake naye atakuwapo siku ya madai. Mizani ilipungua katika karibu beti zote, na vina vya Kiarabu cha Juba viliingia bila kubisha hodi. Hatukuzisahihisha siku ile. Tulizisoma tu kwa sauti, moja baada ya nyingine.